Blanketi la zigizaga kwa kroshia: kuanzia sweta la mtumba hadi ukingo wa mwisho

Nyumba nyingi za Moshi na Arusha zina kroshia tayari: vitambaa vyeupe vya makochi, kifuniko cha meza, na kile kipande cha duara kinachokaa juu ya televisheni. Aliyefuma hivyo anaweza kuanza blanketi la zigizaga wiki hii hii bila kujifunza mshono mpya hata mmoja. Mishono ni ileile, cheni na nguzo (ule mshono mrefu wa kusimama, nimeueleza hapa chini). Kinachobadilika ni unene wa uzi, ukubwa wa sindano na, zaidi ya yote, hesabu.

Zigizaga haina siri nyingine. Mahali fulani kwenye mstari unaongeza nguzo mbili, mahali pengine unapunguza mbili. Panapoongezwa panapanda kuwa kilele, panapopunguzwa panashuka kuwa bonde. Maongezo na mapunguzo yakilingana, blanketi linabaki na upana uleule kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Yasipolingana, hata kwa nguzo moja tu ya ukingoni, blanketi linaanza kujikunja upande mmoja, na kufikia katikati limeshakuwa pembe tatu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hesabu na kwenye kingo. Mengine utayazoea mwenyewe.

Uzi

Uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi uuache ulipo. Blanketi linataka uzi mnene, wa sufu au wa akriliki, unaofumika kwa sindano ya milimita 4 hadi 5.5. Uzi mpya unauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji mjini, lakini kwa blanketi zima lenye rangi saba au nane gharama inapanda haraka. Ndiyo maana napendekeza mitumba.

Pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, sweta lililofifia kwenye viwiko au lililopotea vifungo linaweza kukupa uzi mzuri kuliko ule wa dukani, hasa ukilipata la sufu. Ila kabla ya kutoa hela, ligeuze nje ndani. Wauzaji wameshazoea: "Dada, unanunua ndani au nje?" Mjibu unavyopenda, lakini macho yako yawe kwenye mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kushonwa kwa ovaloki, liache. Kila mstari wa sweta hilo umekatwa pembeni, na ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi visivyo na kazi. Unalolitaka ni sweta ambalo kila kipande kimefumwa kwa umbo lake, ukingo wake ni mzima, na vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja tu unaopita juu kwa juu. Hilo linafumuka lote. Epuka pia sufu iliyochakaa hadi kuota manyoya yaliyoshikana, maana kila baada ya kidole kimoja itakatika.

Ukifika nyumbani, kata uzi wa kuunganishia kwa mkasi mdogo, tenga mgongo, kifua na mikono, kisha anza kufumua kutoka juu, mabegani, kushuka chini. Ukianza chini kwenye pindo, mara nyingi uzi unakwama. Uzi unaotoka uuzungushe kwenye mgongo wa kiti kadiri unavyofumuka, ufunge kwa kamba sehemu nne ili usivurugike, halafu uutoe kitini. Utakuwa umejikunjakunja kama tambi. Usiufume hivyo. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuze, uuning'inize kivulini na kuufunga kitu chepesi chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka na unene wake halisi utaonekana. Hapo ndipo uuzungushe kuwa donge.

Kama lebo imeng'oka na hujui ni uzi gani, kata kipande kifupi ukichome kwa kiberiti juu ya sinia la bati. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Pamba inanuka karatasi. Inafaa kujua, kwa sababu sufu na akriliki haziogi maji yale yale: sufu ikikutana na maji ya moto inasinyaa na kuganda, na ukizichanganya kwenye blanketi moja, milia ya sufu itavuta mingine. Mimi ningechagua aina moja kwa blanketi zima. Akriliki kwa kitanda cha mtoto, kwa kuwa inafuliwa mara kwa mara. Sufu kwa wanaoishi juu, Kibosho, Machame au Old Moshi, ambako kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane baridi haitaki mchezo.

Nyuzi zote ziwe na unene unaokaribiana. Ukiwa na rangi unayoipenda lakini ni nyembamba, shika nyuzi mbili pamoja uzifume kama mmoja. Kagua pia kama rangi inatoka: lowesha kipande, kikamulie kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu na bluu nzito ndizo za kuangaliwa zaidi, na ikitoka, rangi hiyo haiwezi kukaa jirani na nyeupe.

Rangi

Zigizaga inaishi kwa tofauti ya rangi iliyo nzito na iliyo nyepesi. Nyekundu na kijani vinaweza kuonekana tofauti kabisa mezani, lakini kama uzito wao ni mmoja, ukisimama mbali kidogo mawimbi yanapotea. Panga madonge yako, yapige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Madonge yanayofanana kwenye picha hiyo usiyaweke jirani. Weka nzito, nyepesi, ya kati, halafu rudia.

Familia ya Missoni ya Italia, iliyoanzisha kampuni yake ya mavazi mwaka 1953, imejenga jina lake kwa zigizaga, na ukiangalia vizuri kazi zao utaona rangi nyingi sana ambazo hazigombani, kwa sababu katikati yake mara nyingi kuna rangi tulivu inayozituliza. Huku kwetu fundisho hilo lipo kwenye kanga: rangi mbili kali, na moja inayotenganisha. Chagua rangi moja, mfano krimu au kijivu, irudi kila baada ya milia miwili au mitatu. Inasaidia pia kwa vitendo, kwa sababu uzi wa mitumba ukiisha huwezi kuupata tena, na macho yakizoea rangi hiyo moja inayorudi, hayatajali kwamba ile ya zambarau ilikuwa na milia minne tu.

Kipande cha majaribio

Wimbi moja katika mtindo huu linakula nguzo 12: kilele kimoja, nguzo nne za kushuka, bonde moja linalokula tatu, nguzo nne za kupanda. Kanuni ya cheni za kuanzia ni hii: idadi ya mawimbi mara 12, ongeza 4.

Fuma kipande cha mawimbi mawili kwanza. Yaani 12 mara 2 ni 24, ongeza 4, unapata cheni 28. Fuma mistari sita kwa maelekezo ya hapa chini, kisha pima kutoka ukingoni hadi kilele cha katikati. Huo ndio upana wa wimbi moja kwa mkono wako, uzi wako na sindano yako, na hakuna mtu anayeweza kukupa kipimo hicho. Tuseme umepata sentimita 8 na unataka blanketi la sentimita 130. Gawa 130 kwa 8, unapata 16 na kidogo. Mawimbi 16 basi: 12 mara 16 ni 192, ongeza 4, cheni 196. Kila mstari utakuwa na nguzo 193, ambayo ni mawimbi mara 12, ongeza 1. Namba hiyo ya pili iandike kwenye karatasi uipachike kwenye mfuko wa uzi.

Kabla ya kukifumua kipande hicho, kitumie kujua uzito. Pima donge, fuma mistari miwili, pima tena. Mangi wa duka la mtaani hatakunyima mizani yake dakika mbili. Mawimbi mawili yakila gramu 4, mawimbi 16 yatakula 32 kwa kila mistari miwili. Blanketi la mistari 100 ni jozi 50, kwa hiyo gramu 1,600. Sasa unajua kama sweta ulizonazo zinatosha au urudi Memorial.

Mishono yenyewe

Nguzo: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, chomeka, vuta uzi, una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, pitisha kwenye vitanzi viwili. Zungusha tena, pitisha kwenye viwili vilivyobaki. Ukiwa unafuata michoro ya intaneti, fahamu kwamba mshono huu Wamarekani wanauita dabo na Waingereza wanauita trebo. Ukichanganya vitabu vya pande hizo mbili, blanketi litatoka na urefu ambao hukuutarajia.

Bonde ni nguzo tatu zinazoungana kichwa. Fuma nguzo lakini uishie katikati, kitanzi cha mwisho kibaki kwenye sindano. Nenda kwenye tundu linalofuata ufanye vivyo hivyo, kisha la tatu. Sindano sasa ina vitanzi vinne. Zungusha uzi, uvute kupitia vyote vinne kwa mkupuo mmoja. Vidole vikiwa vimekaza uzi, hapa ndipo sindano inapogoma, kwa hiyo legeza kila kitanzi tangu mwanzo. Wapo wanaoruka vichwa viwili tu (kichwa ni sehemu ya juu ya nguzo ya mstari uliopita) badala ya kuunganisha vitatu. Ni haraka zaidi, lakini kila bonde linabaki na tundu la kupitisha baridi, na wimbi linakuwa la nguzo 11, hivyo kanuni ya juu haifanyi kazi.

Kilele ni rahisi: nguzo tatu ndani ya tundu moja.

Cheni za kuanzia

Tumia sindano kubwa zaidi kidogo kwa cheni tu, 5.5 kama blanketi utalifuma kwa 5. Cheni zikikazwa, ukingo wa chini utavutika na kulifanya blanketi lipinde hata ukiwa umehesabu vizuri. Kila ukifika cheni 24, funga kipande cha uzi wa rangi nyingine, hivyo ukiitwa mlangoni huanzi kuhesabu upya.

Halafu ongeza cheni kumi hivi za ziada ambazo hazipo kwenye hesabu. Mwisho wa mstari wa kwanza zitaning'inia, nawe utafungua fundo la mwanzo na kuzifumua moja moja kutokea huko. Zikipungua lakini, hakuna njia safi ya kuziongeza, na unafumua mstari mzima.

Mstari wa kwanza

Cheni tatu zilizo karibu na sindano zinahesabika kama nguzo ya kwanza. Chomeka ya nne na ufume nguzo moja. Sasa zipo mbili zinazotoka mahali pamoja, nusu ya kilele cha ukingoni. Fuma nguzo moja moja kwenye cheni nne zinazofuata. Bonde juu ya cheni tatu. Nguzo moja moja kwenye nne nyingine. Kisha:

Kilele kwenye cheni moja, nguzo nne, bonde kwenye cheni tatu, nguzo nne.

Rudia hivyo hadi mwisho. Baada ya bonde la mwisho na nguzo zake nne itabaki cheni moja ya hesabu. Weka nguzo mbili ndani yake. Mstari wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Cheni zinajisokota, na bado hakuna mawimbi ya kukuongoza. Ufume mchana, ukiwa peke yako kama inawezekana, na kila wimbi likiisha lihesabu palepale.

Mistari yote inayofuata

Fuma cheni tatu, geuza kazi. Fuma nguzo moja kwenye kichwa kilekile ambacho cheni hizo zimeota juu yake. Hapa ndipo watu wengi wanaporuka: wanaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha pili, na ukingo huo unapoteza nguzo moja kila mstari. Baada ya hapo ni nguzo nne, bonde, nguzo nne, kilele, na kuendelea.

Kuanzia mstari huu huna haja ya kuhesabu nne nne kwa sauti, kwa sababu kazi yenyewe inakusomea. Kilele kipya kinakaa daima kwenye nguzo ya katikati ya zile tatu za kilele cha chini yake. Na katika bonde, kati ya vichwa vitatu unavyounganisha, cha katikati lazima kiwe kichwa cha bonde la mstari uliopita. Bonde likikaa pembeni kwa kichwa kimoja, umekosea ndani ya nguzo nane za nyuma yake, si mbali zaidi. Rudi hapo tu.

Mwisho wa mstari kuna zile cheni tatu ulizogeuzia mstari uliopita. Zimelala kidogo, hazionekani kama nguzo, na macho yanazipita. Tafuta cheni ya tatu, ya juu kabisa, uweke nguzo mbili ndani yake. Kwa mistari mitano ya kwanza hesabu nguzo zote mwishoni, hadi zifike ile namba uliyoandika. Baadaye inatosha kuangalia kingo zote mbili: kila mstari uanze na mbili na uishe na mbili, na kila upande baada ya mbili hizo ziwe nne hadi bonde.

Uzi mweusi na bluu nzito usivifume usiku. Umeme ukikatika, mstari wa krimu unaweza kuendelea nao hata kwa kupapasa, lakini nyeusi utaijutia asubuhi.

Kubadilisha rangi

Kila rangi ipewe mistari miwili, au idadi nyingine inayogawanyika kwa mbili. Hivyo rangi zote zinaanza na kuishia upande mmoja wa blanketi, na ncha zote zinakaa huko.

Rangi mpya haianzi mwanzo wa mstari. Inaanza kwenye mvuto wa mwisho wa nguzo ya mwisho. Vitanzi viwili vya mwisho vikibaki kwenye sindano, angusha uzi wa zamani, shika mpya, uvute kupitia vyote viwili. Kitanzi kilichobaki kwenye sindano ni cha rangi mpya, na cheni tatu za kugeuzia zitakuwa za rangi hiyo. Ukisubiri hadi nguzo iishe, kila ukingo utakuwa na doa la rangi isiyo yake.

Acha ncha za urefu wa kiganja, kama sentimita 15. Usifunge fundo, fundo la uzi laini hufunguka kwenye kufua, na lile lisilofunguka linachoma mgongo wa anayelala. Zilaze ncha zote mbili juu ya vichwa vya mstari wa chini na uzifume ndani ya nguzo zako kwa sentimita chache, kisha kinachobaki ukipitishe kwa sindano nene yenye ncha butu: kwenda, kurudi, kwenda tena. Fanya hivyo kila rangi inapoisha. Blanketi la milia 50 lina ncha zisizopungua 100, na anayezikusanya zote kwa ajili ya siku ya mwisho mara nyingi blanketi lake linaishia kabatini.

Mwanzoni kazi hii inaingia kwenye mkoba na unaweza kuendelea nayo kwenye daladala au ukisubiri zamu hospitalini. Likishavuka nusu linakuwa zito na kubwa, likae nyumbani kwenye kapu lake.

Ukingo

Juu na chini blanketi litabaki na meno ya zigizaga, na mimi ningeyaacha yaonekane. Pembeni ndipo panahitaji kusafishwa. Tumia nguzo fupi: chomeka, vuta uzi, zungusha, pitisha kwenye vitanzi vyote viwili. Kwenye kila mstari wa ubavuni weka nguzo fupi mbili. Ukingo ukijikunja ndani, umeweka chache. Ukiwa na mapindo kama marinda, umezidisha. Ukitaka kuzunguka blanketi lote, kila kilele kipate nguzo fupi tatu kwenye tundu moja na kila bonde uruke vichwa viwili, la sivyo meno yatalala. Rangi nzito moja kuzunguka pande zote inafunga kazi vizuri kuliko rangi tatu.

Kufua

Blanketi jipya lifue kabla ya kulitandika. Nguzo zinatulia na mawimbi yananyooka. La akriliki linafuliwa kwa maji ya kawaida, lakini pasi lisione kabisa, kwa sababu joto linaifanya akriliki ilegee na kung'aa, na hairudi tena. La sufu linataka maji ya baridi na sabuni laini, ulikandamize bila kulisugua wala kulikamua kwa kulisokota. Likunjie ndani ya taulo, ulikanyage ili maji yatoke. Kisha usilianike kwenye kamba, maana maji yaliyobaki yatalivuta hadi lirefuke upande mmoja. Tandika mkeka kivulini, lilaze juu yake, nyoosha kila kilele kwa mkono, na baada ya saa chache uligeuze. Mwezi wa saba, wingu likikaa juu ya mji kutwa nzima, litachukua siku mbili kukauka, kwa hiyo lifue siku ambayo hulihitaji usiku.